Kibuyu cha Nyenje na Kamati ya Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na kibuyu!
— Kikazibwa gunzi!
Nikizibue?
— Kizibue tusikie!

Haya, sikieni. Hapo zamani wanyama walikuwa na albamu kama sisi, ila zao zilikaa ndani ya vibuyu. Mwenye nyimbo alikiimbia kibuyu kitupu mpaka kijae, akakiziba kwa gunzi la hindi. Ukitaka kusikiliza unavuta gunzi, fyuu! Nyimbo zinatoka moja moja mpaka ya mwisho, halafu zinarudi ndani zenyewe kama kuku jioni.

Kila mwaka, nyasi zikishakauka, wote walikutana juu ya Mwamba Mpana, kando ya bwawa. Kila mmoja alileta kibuyu alichokipenda kuliko vyote mwaka ule, awasikilizishe wenzake. Hapakuwa na mshindi. Palikuwa na ubishi tu, na ubishi ulitosha. Sheria zilikuwa mbili: asiyesikiliza hadi mwisho hana neno, na anayeomba wimbo urudiwe huwapisha wenzake mahali pazuri alipokaa.

Sasa, Pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe asiye na mkia wa maana, mwaka huo alipenda kibuyu cha Nyenje. Kilikuwa kibuyu cha kwanza cha Nyenje. Kilikuwa pia cha mwisho, maana nyenje haoni masika mawili.

"Shangazi Pimbi," Nyenje akauliza, "kweli watanisikia? Mimi mwakani sipo."

"Watakusikia, mwanangu. Mimi nilikisikiliza hadi nikasahau kula, na kwetu hakuna aliyewahi kusahau kula."

Kumbe Kiboko naye ana mipango yake. Asubuhi ya mkutano walimkuta amejilaza kwenye njia ya kushukia majini, na bwawa lile ndilo pekee lililobaki na maji.

"Hoo, hoo, hoo! Ndugu wananchi! Kuanzia leo kuna Kamati ya Kibuyu Bora. Mwenyekiti ni mimi. Katibu ni mimi. Wajumbe wengine wametoa udhuru. Kamati imeketi, imejadili kwa kina, imeamua: kibuyu bora cha mwaka ni changu, kinaitwa *Tumbo Langu na Mimi*. Vingine vyote nikabidhiwe, nivihifadhi chini ya bwawa. Asiyekabidhi, hanywi."

Wanyama wakatazamana. Kibuyu kikiingia maji, nyimbo hufa. Hilo hata kifaranga alilijua.

"Lakini baba," akasema Kanga, "kutuhifadhia majini si ndiyo kutuulia?"

"Maoni yako yamepokelewa," akajibu Kiboko, akafunua kinywa chote ili Kanga aone yalikopokelewa.

Kanga akarudi nyuma. Nyenje akajificha nyuma ya sikio la Pimbi, tiri-tiri-tiri. Pimbi akasogea mbele.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Marahaba. Weka kibuyu hapo."

"Naweka. Ila nina wasiwasi na jina lako. Wale wa ng'ambo ya bonde unawajua midomo yao. Watasema Kiboko kashinda bila kusikia vya wenzake. Watasema kapendelewa."

"Kapendelewa na nani?"

"Na Mwenyekiti."

Kiboko akanuna. Hilo hakulifikiria.

"Lakini ungevisikiliza vyote," Pimbi akaendelea, "hadharani, juu ya Mwamba, kama walivyofanya wazee, nani angethubutu?"

"Nitavisikilizia humu humu majini."

"Majini wanasikilizia vyura, Mheshimiwa."

Basi Kiboko akapanda. Puh, puh, puh, hadi juu. Mwamba Mpana hauna mti, hauna hata kichaka. Kwa Pimbi, jiwe la moto ni kitanda. Akajinyoosha akajiotea jua. Kwa Kiboko, aliyezoea matope shingoni, jiwe la moto ni jiwe la moto.

Pimbi akampisha kwanza Mzee Kobe, kwa heshima ya umri. Mzee Kobe alipenda muziki usio na haraka. Fyuu! Gunzi likatoka. Ndu… kimya… kimya… ndu… kimya. Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikakaza.

"Mwenyekiti amechoka?" Pimbi akauliza.

"Mwenyekiti hachoki!"

"Bado kidogo," akasema Mzee Kobe, machozi yanamlenga. "Hii ilikuwa sehemu ya kuchangamsha."

Akafuata Kanga na kibuyu cha kayamba. Fyuu! Gunzi likatoka. Cheke-cheke, cheke-cheke, wanyama wakacheza, vumbi likatimka. Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikaanza kulia, ka! ka! ka!, kama ganda la njugu kwenye kikaango.

"Mwenyekiti amechoka?"

"Mwenyekiti… hachoki."

Kikapita cha Ngiri, kikapita cha Tumbili, vibuyu vyenye nyimbo ndefu na maelezo marefu kuliko nyimbo. Jua likasimama utosini. Ndipo Pimbi akavuta gunzi la Nyenje.

Fyuu! Nyeee-riri, nyeee… Uzi mwembamba wa sauti ukatoka, na wote wakatega masikio.

"Mwenyekiti ame—"

Ka! Kiboko hakungoja swali liishe. Aliteremka Mwamba kama gogo lililosukumwa, puh-puh-puh-puh, chubwii! Maji yakaruka hadi kwenye magoti ya Twiga.

Pimbi akakohoa. "Ndugu zangu, Mwenyekiti ameondoka kabla ya mwisho, kwa hiyo hana neno. Katibu kaondoka naye. Akidi ya kamati haijatimia. Tuendelee kusikiliza."

Wakaendelea. Nyenje aliimba habari za umande, na shimo lenye mlango mmoja, na mvua ambayo hataiona. Wimbo wa mwisho ulipotoka, Kanga alisahau kupiga kelele.

Kisha, kutoka majini, sauti ikasema polepole: "Huo wa mwisho… hauwezi kurudiwa?"

Wakageuka. Juu ya maji palionekana masikio mawili tu.

"Unaweza, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Ila sheria unaijua. Anayeomba urudiwe huwapisha wenzake."

Masikio yakafikiri. Yakatikisika. Yakasogea pembeni kabisa, na njia ya majini ikabaki wazi. Wanyama wakashuka na vibuyu vyao wamevishika juu, wakanywa, na Nyenje akarudiwa mpaka jua likatua.

Masika yalipofika Nyenje hakuwepo, kama ilivyo desturi ya ukoo wake. Lakini kibuyu chake kilikuwa kikizunguka nyumba kwa nyumba, na watoto wa nyenje walipotoka ardhini walikuta wimbo unaimbwa kila mahali, wakadhani upo tangu dunia iumbwe. Kiboko naye hadi leo hulala majini na masikio nje. Ukimuuliza, atakuambia yuko kazini.

Funzo, watoto wangu: heshimuni kamati. Na kamwe msisikilize kitu hadi mwisho, mnaweza mkakipenda, na mtu mzima hapendezi akibadili mawazo.

Gunzi nimelirudisha mahali pake.
— Kibuyu kimejaa!
Mwenye kizuri kuliko hiki?
— Akilete tubishane!
Na mwenye kamati?
— Akaoge!