Kundi la Miiba Lilivyokimbiwa

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo sauti ya wenye njaa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na mchezo wa vita. Katikati ya uwanja palikuwa na kichuguu, na juu yake kibuyu cha ajabu. Kundi litakaloshika kibuyu jua likizama, ndilo mshindi. Makundi yalikuwa mawili. Ukichagua Mbawa, unaota mbawa. Ukichagua Miiba, unaota miiba mwili mzima. Mchezo ukiisha, unarudi ulivyozaliwa.

Mbawa waliongozwa na Kwale. Miiba waliongozwa na Nungunungu, naye alipenda kushinda kuliko kula.

Nungunungu akabuni mbinu. Asubuhi na mapema, wenzake wanakimbilia kichuguu, wanakizunguka, wanageuzia migongo nje. "Kaeni! Tulieni! Asiondoke mtu!" Mbawa wanakuja, vuuu! Wanachomwa, chwa! "Mama wee!" Wanarudi. Jua linazama. Miiba wameshinda.

Kesho yake, hivyo hivyo. Kesho kutwa, hivyo hivyo.

Wanyama wakamiminika Miiba. Nani hapendi kushinda? Hata Pimbi, aliyependa michezo kupita wote, akaingia. Akakaa. Akatulia. Akapitiwa na usingizi.

"Pimbi, amka! Tumeshinda!"

"Tumeshinda nini?" Pimbi akapiga miayo. "Mimi nilikuwa nimelala."

Siku iliyofuata Pimbi hakuja. Sungura naye hakuja. Ngiri akasema mgongo unamuuma. Wakapungua, wakapungua, hata asubuhi moja Nungunungu akajikuta peke yake.

Kwale akamwambia, "Ndugu yangu, sheria unaijua. Kundi likibaki na mmoja hadi jua kuzama, linafutwa."

Nungunungu akaenda mbio kwa Pimbi, miiba inagongana, chakacha-chakacha.

"Pimbi! Nani amekulaghai? Kwangu mnashinda kila siku!"

"Tunashinda, kaka. Ila hatuchezi. Nikirudi nyumbani, wanangu wananiuliza, 'Baba, leo umefanya nini?' Nimefanya nini? Nimekaa."

 Maneno hayo yakamchoma Nungunungu kuliko mwiba wowote.

Akarudi uwanjani. Jua limeshainama, na kibuyu kingali juu ya kichuguu; Mbawa hawakuona raha ya kuchukua kisicholindwa. Angeweza kukilalia kibuyu, kama kawaida. Mguu ukasita. Kisha akakinyakua, akapiga kelele, "Nikamateni!" Akajiviringisha kutoka juu ya kichuguu, biringi, biringi, biringi! Mbawa wakamfuata, vuuu! Akakata kushoto. Akapenya katikati ya miguu ya Twiga. Vumbi, manyoya, vicheko! Watazamaji wakasimama. "Huyo! Huyo! Mzibieni njia!"

Kwale akaruka, akakipokonya kibuyu, paa! Nungunungu akaanguka kwenye tope, chubwi!

 Wote wakasubiri hasira zake.

Nungunungu akacheka. Akacheka hata machozi yakamtoka. "Jamani, kumbe hivi ndivyo mchezo unavyokuwa!"

Pimbi hakuweza kuvumilia. Akaruka ndani ya uwanja. "Miiba! Nachagua Miiba!" Miiba ikamchipuka, tititi! Sungura akafuata. Ngiri akafuata, mgongo umepona ghafla. Wakamfukuza Kwale uwanja mzima, lakini jua likazama kibuyu kikiwa kwa Mbawa. Miiba wakashindwa. Wakaondoka wakiimba.

Wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: anayetaka ushindi tu na kuwanyima wenzake raha ya kucheza, atabaki mshindi asiye na mwenzake.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mwenye kucheka acheke.