Chumba cha Kuta Tatu

Nimeona, Mbuke. Umechora duara kwa kifuniko cha soda ukurasa mzima, na bado nafasi zimebaki katikati. Usifute. Hata nyuki walianza hivyo hivyo, tena wao walipata tabu kuliko wewe. Wekeni rula chini, Darasa la Sita, niwasimulie.

Zamani, misitu yetu hii ya miombo ilipokuwa haijui shoka, kila nyuki alijenga chumba cha nta cha mviringo, na ilikuwa aibu ukuta wako kugusa wa jirani. Katikati ya vyumba palibaki nafasi, na upepo ulipita humo utakavyo.

Nyuki mmoja, Kalunde, aliishi jirani na dada yake Nyamizi. Mwaka mmoja maua yaliadimika, na Nyamizi akaenda kuyatafuta ng'ambo ya mto. Alisema, "Nitunzie chumba changu, mdogo wangu. Sikawii."

Kipupwe kikaingia, naye hajarudi. Kalunde alimkumbuka mno, hata chakula hakikupita. Watoto wa nyuki nao, wangali funza weupe, wakaanza kufa kwa baridi.

Siku moja upweke ulimzidi, akaegemea ukuta wake hadi ukagusa wa jirani yake mzee, apate tu kusikia mtu akipumua. Nta ikalainika kwa joto lake, kuta mbili zikashikana zikawa moja, iliyonyooka.

"We Kalunde, huna haya?" mzee akafoka.

"Nina upweke, shangazi. Na wewe una baridi. Egemea na wewe."

Shangazi akanung'unika, lakini akaegemea. Na wengine wakafuata. Duara huzungukwa na wenzake sita walio sawa nalo, si watano wala saba. Hesabu mwenyewe, Mbuke. Kwa hiyo kila chumba kikapata kuta sita. Upepo ukakosa pa kupita, na watoto wakapata joto.

Lakini watoto walikuwa wengi, na chumba kitupu kilikuwa kimoja tu, cha Nyamizi. Kalunde akawalaza humo kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akatazama sega zima akaona halina hata upenyo. Dada yake akirudi leo, atakaa wapi? Alilia sana.

Alipokwisha kulia, akaenda ukingoni akajenga kuta tatu za chumba kipya, akakiacha wazi. Tatu zilizobaki Nyamizi angejenga mwenyewe. Watoto wengine walipozaliwa, wenzake wakakimaliza chumba kile wakakitumia. Kalunde hakugombana nao. Alisogea nje kidogo, akaanza kingine.

Na tangu siku hiyo nyuki hujenga kwa pande sita, ukuta mmoja watu wawili, bila nafasi katikati. Lakini mkiletewa sega nyumbani, kabla hamjalila, tazameni ukingoni. Mtakuta chumba kimeanzwa hakijamalizwa. Nyamizi hajarudi, na mahali pake bado pako wazi.