Ulimi Haushoni Kidonda

Ulimi haushoni kidonda. Mmemsikia matroni akimwambia mwenzenu hivyo wodini, mkaja kuniuliza usemi huu umetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na aliyeisababisha ni mimi, kwa hiyo msicheke kabla sijamaliza.

Mwaka ule hospitali yetu ilikuwa na nafasi moja tu ya kumsomesha daktari ubingwa wa upasuaji. Tulioitwa kwenye usaili tulikuwa wawili, mimi Ambakisye na Daktari Tusekile. Nafasi hiyo niliitamani hadi nikakosa usingizi. Niliingia kwanza. Nilipoulizwa kwa nini nataka upasuaji niliwapa hotuba, na mwenyekiti, Daktari Kalinga, alicheka mpaka akavua miwani. Tusekile, kama nilivyosimuliwa baadaye, aliulizwa hayo hayo, akajibu kwa sentensi mbili. Mimi nikapewa alama tisini, yeye hamsini na tano.

Kabla ya kutangaza matokeo likaletwa nanasi, nasi tukakaribishwa. Mwenyekiti akataka kulikata mwenyewe. Kisu kikateleza, kikampasua kiganja.

Nilimwahi, nikakandamiza jeraha kwa kitambaa. Akaniuliza, "Ambakisye, umewahi kushona kiganja?"

Jibu nilikuwa nalo, tena zuri. Nilianza na mishipa ya mkono, nikapitia aina za nyuzi, nikafika hoja ya tatu. Damu ilikuwa ikidondokea nanasi.

Akamgeukia mwenzangu. "Na wewe?"

"Kaa hapa, mzee," alisema Tusekile. Alikuwa ameshanawa mikono, na trei ya kushonea iko mezani.

Alimshona nyuzi sita, zikalala sawasawa. Kalinga aliutazama mkono wake, kisha karatasi ya alama, kisha mimi. Akasema taratibu, "Ambakisye mwanangu, ulimi haushoni kidonda." Nafasi akampa Tusekile, na akaagiza kuanzia siku ile kila msailiwa ashone kwanza ndipo aulizwe maswali.

Iliniuma, sifichi. Nikaenda kushona majeruhi miaka miwili, mdomo nimeufunga, ndipo nami nikachaguliwa.

Juzi ngiri iliponishika, mnadhani nilimwendea nani? Tusekile aliniuliza panauma wapi, nikaanza kumweleza tangu utotoni. Dawa ya usingizi ikanikuta katikati ya maelezo, na nilipozinduka nilikuwa nimeshashonwa. Basi kesho mkiingia kwenye usaili wenu, jibuni kwa ufupi, kisha ombeni sindano. Ulimi haushoni kidonda.