Picha ya Kenge Isiyofunguka

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na maji?
— Na vyura ndani yake!
— Mwenye kuwala akae nyuma.
— Sisi tumekaa mbele!

Basi tulieni, maana hapa pana roho nne za viumbe.

Hapo kale, mtandao ulipofika porini, Bi Kinyonga alikuwa fundi wa kutengeneza tovuti. Nani anazijua rangi kumshinda? Twiga akitaka tovuti ya kuuza majani, kwa Bi Kinyonga. Kobe akitaka tovuti ya kupangisha nyumba, kwa Bi Kinyonga. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ilikuwa vyura. Aliwafuga wanne katika beseni chini ya dirisha: Masika, Vuli, Kiangazi, na bibi yao Mwamvua, aliyepooza mguu mmoja. Akimaliza ukurasa, anawabadilishia maji. Akimaliza mwingine, anawapa nzi.

Siku moja mlango ukalia pu! Kenge huyo, kajaza chumba.

"Wee fundi! Nataka tovuti. Wanyama wote wanione nilivyo mkubwa."

"Karibu, bwana."

"Na wale kwenye beseni?"

"Wanangu."

"Kitoweo changu. Tovuti ikifunguka nikaipenda, nawala kwa furaha. Nisipoipenda, nawala kwa hasira."

Bi Kinyonga akageuka kijivu. Akimpendeza, wanaliwa. Akimuudhi, wanaliwa. Mkia ukajikunjua polepole. Kisha akauliza kwa adabu:

"Picha yako iwe kubwa kiasi gani?"

Hapo ndipo kila mteja huanguka.

"Kubwa!"

Akaikuza. "Hivi?"

"Zaidi!"

Akaikuza. "Hivi?"

"Kila gamba lionekane, na uchafu wa kila gamba!"

Akaikuza mpaka ikawa nzito kama mlima. "Sasa naifungua. Ila usibandue macho, bwana, utaukosa mwanzo."

Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo cha kompyuta. Zungu, zungu, zungu.

"Mbona jicho lako moja haliko hapa?"

"Lina kazi yake, bwana."

Jicho hilo likamkonyeza Masika. Masika akaruka dirishani, hadi kwenye mfereji uendao mtoni. Chubwi!

"Nini hicho?"

"Kipande cha picha kimeshuka, bwana."

Zungu, zungu. Vuli: chubwi!

"Na hicho?"

"Mkia."

Kiangazi: chubwi!

"Naja! Naja!" Kenge akachekelea, mate yakimdondoka.

Akabaki Mwamvua. Akaruka, akaanguka. Akaruka, akaanguka. Bi Kinyonga, ambaye mwendo wake mnaujua, akashuka mezani: hatua, akasita, hatua, akasita. Akambeba mgongoni hadi dirishani.

"Bibi, huko sitakubadilishia maji."

"Mwanangu, mto hujibadilisha wenyewe."

Chubwi.

"Fundi! Bado vipande vingapi?"

"Vimekwisha, bwana. Kilichobaki ni kusubiri."

Bi Kinyonga akapita mlangoni, rangi ya mlango, asirudi tena. Tangu hapo hafugi chura. Hukaa kando ya mto akitengeneza tovuti za watu, na jua likizama husikiliza. Kro. Kro. Kro. Haondoki mpaka asikie ile ya nne, ya kikongwe.

Hadithi yangu imetumbukia majini, aitakaye aivue. Na fundisho lake, wanangu, ni hili: subira huvuta heri. Msiniamini mimi, kamwulizeni Kenge. Yuko palepale mbele ya kioo, na anasema imebaki kidogo tu.