Wavu wa Mwisho wa Mama Watoto

Msumeno hauna rafiki. Ukiusukuma unakula mbao, ukiuvuta unakula tena, wala haumuulizi seremala mbao hii ni ya nani. Ndivyo wahenga walivyoifananisha sheria. Ila wenye vyeo, kwa kuwa ndio walioshika mpini, hupenda ukate upande mmoja tu, ule waliosimama wanyonge. Hadithi hii ni ya siku ambayo msumeno ulivutwa.

Palikuwa na mvuvi mgane ambaye watu walimwita Mzee Barua. Shule aliiaga darasa la nne, na herufi zake zilipinda kama ndoana, lakini alikuwa ameandika barua saba za kushtaki meli moja kubwa. Meli hiyo ilikokota wavu wake katika mazalia, pale samaki wanapotaga, mahali ambapo sheria ilimkataza kila mtu kuvua. Barua sita alimpelekea Mkuu wa Uvuvi wa pale pale. Zote ziliingia sikio la kulia zikatokea la kushoto, kwani mwenye meli alikuwa shemeji yake Mkuu. Barua ya saba aliiruka ofisi hiyo, akaituma makao makuu.

Wazo la kuandika lilikuwa la marehemu mkewe. Mama huyo alikuwa fundi wa kufuma nyavu. Aliketi kwenye kigoda karibu na dirisha, uzi ameufunga kwenye msumari wa fremu, akiuzungusha kwenye kibao kidogo na kukaza fundo, jicho baada ya jicho. Upana wa kibao ndio uliozaa upana wa jicho, yaani tundu la wavu. Mzee Barua alikichonga mwenyewe mwezi aliokwenda kuposa, maana hakuwa na kingine cha kupeleka.

"Wenzangu waliposwa kwa pete," mkewe alizoea kusema mbele ya wageni, "mimi niliposwa kwa ukuni!" Kisha alicheka mpaka uzi ukamponyoka. Lakini mtu akithubutu kumletea kibao kipya, alimrudishia hapo hapo.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu afariki. Wavu wake wa mwisho aliufuma akiwa mgonjwa, ameegemea mito, na fundo la mwisho alilikaza siku tatu kabla ya pumzi kukatika. Mzee Barua aliuvulia kwa nadra. Akirudi aliusuuza kwa maji baridi, akautundika ukutani upande wa kitanda aliokuwa akilala mkewe. Alfajiri alinyoosha mkono na kugusa mafundo yale, moja, la pili, la tatu, mpaka usingizi umtoke. Binti yake alimwona mara nyingi, akajifanya hamnazo.

Ndipo asubuhi moja, gari la makao makuu likaegeshwa ufukweni. Operesheni ya kukomesha uvuvi haramu imefika! Alishuka mpimaji, mwanamke kijana mwenye buti za mpira, mkononi ana kipimo cha chuma chembamba kama kisu cha kukatia mkate. Mkuu wa Uvuvi alimtangulia, tumbo mbele, akipunga mkono kama bwana harusi.

"Tunaanza na hawa wa mashua," Mkuu akatangaza. "Jicho la wavu lisipungue inchi tatu. Likipungua, wavu unachomwa leo leo."

Watu wakasitasita. Mzee Barua akatoka mbele, kifua kimemjaa. Alikuwa ameubeba wavu wa mkewe begani.

"Anzeni na wangu," akasema. "Muone wavu wa halali unavyofanana, ili mkifika kwenye meli msipotee njia."

Mpimaji akautandaza, akachomeka kipimo katika jicho la kwanza. Kikakwama kabla ya mstari wa inchi tatu, upungufu wa ukucha mmoja. Akapima jicho la pili. La kumi. La ishirini. Yote yalipungua.

"Mzee Barua!" akapaza sauti Mama Magamba, muuza samaki asiyejua kunong'ona. "Leo umejiandikia mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Barua hakukisikia. "Haiwezekani," alirudia. "Mama watoto hakukosea jicho hata siku moja. Binti yangu, kimbia, niletee kibao cha mama yako."

Kibao kikaletwa, kimefungwa katika kitambaa. Mpimaji akakilaza juu ya rula, akakigeuza, akakipandisha machoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, tazama hapa katikati. Mbao imelika. Uzi umeila."

Kweli. Kingo mbili zilikuwa zimebonyea kama ngazi ya nyumba ya zamani. Miaka thelathini ya uzi ukipita mahali pale pale! Mzee Barua alipitisha kidole gumba ndani ya bonde lile, kikatulia kama kimefika kwao. Mkewe hakukosea. Alikataa tu kukiacha kibao cha mumewe, na kibao kikapungua polepole mikononi mwake, kama alivyopungua yeye.

Nyavu nyingine tatu zilipatikana na kasoro. Kabla moto haujawashwa, Mkuu alimwita Mzee Barua ofisini. Ofisi ilikuwa na feni inayolia, faili zilizofungwa kwa kamba, na kalenda ya mwaka uliopita. Wavu wa marehemu ulikuwa umerundikwa kwenye kona, juu ya sakafu yenye vumbi. Moyo ulimuuma kama aliyemwona mgonjwa wake amelazwa chini.

"Keti, mzee. Pole sana kwa mama," Mkuu alisema, sauti imelainika kama mafuta. "Nimesikia wavu huu ni kumbukumbu. Na mimi nina roho. Wewe ni mwandishi, siyo? Basi niandikie barua ya nane. Sema uliona vibaya, meli haijakanyaga mazalia. Mistari miwili tu. Wavu unarudi nao nyumbani sasa hivi, kwa mlango wa nyuma."

"Na sheria?"

"Sheria si mimi hapa?"

Karatasi ikasukumwa. Kalamu ikawekwa juu yake. Mzee Barua akaitazama kona. Aliuona ukuta wa chumba chake usio na kitu, na alfajiri mkono wake ukinyooka na kukuta chokaa. Akaishika kalamu. Akaandika: *Mimi niliyetia sahihi hapa chini*, akakwama.

Alikumbuka siku ya barua ya kwanza. Mkewe alikuwa hai, ndoo ya samaki mbele yake, akiwatenga wachanga na kuwarudisha majini mmoja mmoja. "Andika, baba watoto," alimwambia. "Hawa wakubwa wakila na mayai, watoto wetu watakula nini, mawimbi? Andika, hata kama mwandiko wako ni wa kuku." Mwanamke yule, kama angejua wavu wake umepungua ukucha mmoja, angeufumua kwa mikono yake, fundo kwa fundo, wala asingeomba huruma ya mtu.

Mzee Barua akalaza kalamu. Akainuka, akaukusanya wavu mikononi kama mtu anayebeba mtoto aliyelala.

"Unakwenda wapi?" Mkuu akang'aka.

"Kwa mlango wa mbele."

Nje akamkuta mpimaji kando ya rundo la nyavu. Watu wote walikuwa pale. Mzee Barua akaulaza wake juu kabisa, akapiga moyo konde.

"Wavu huu ni wa mke wangu, na jicho lake limepungua. Nakiri mbele ya kadamnasi. Bwana Mkuu alitaka kunirudishia kwa siri, niseme meli haina kosa. Sikutaka. Sasa, mwanangu, kipimo chako kimenikata mimi. Pale gatini kuna wavu wa meli umeanikwa tangu jana. Twende."

Mkuu alitoka mbio, jasho linamchuruzika. "Ule una kibali! Kibali nimesaini mimi!"

"Kibali hakipanui jicho, Bwana Mkuu," mpimaji akajibu. Kutoka mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye herufi zilizopinda kama ndoana. "Nimetumwa na barua hii. Iliomba meli ipimwe. Nilikuwa nasubiri uniambie gati liko wapi."

"Gati?" Mama Magamba akadakia. "Nifuate mimi, mama! Hata macho nikifumba nafika!"

Kijiji kizima kikafuata. Ule wavu wa meli ulikuwa mkubwa kama uwanja wa mpira. Kipimo cha chuma hakikufika hata nusu ya njia. Kidole cha mtoto ndicho kingepita. Ndani ya mikunjo yake walikauka samaki wachanga wasio na idadi, wadogo kama kucha. Hakuna aliyecheka. Kabla ya adhuhuri meli ilizuiliwa na wavu wake ukakatwa vipande. Mkuu alipandishwa gari la makao makuu kwenda kueleza kibali chake, safari hii ameketi kiti cha nyuma.

Moto uliwashwa mchana. Mzee Barua alisimama mpaka fundo la mwisho likayeyuka.

"Tungeomba watuachie hata kipande, baba," binti yake alinong'ona.

"Na yule shemeji wa Mkuu angeomba chake."

Jioni alikitoa kibao ndani ya kitambaa, akakitundika kwenye msumari wa ukutani uliokuwa na wavu. Binti akauliza kama achonge kingine, chenye kipimo cha haki, aanze kufuma. "Chonga," babaye akamjibu. "Kizuri. Na kikilika, usikionee huruma." Alfajiri iliyofuata mkono ulinyooka gizani kutafuta mafundo, ukakuta kibao kimoja kilichobonyea, na kidole gumba kikatulia humo mpaka kukapambazuka. Hakujuta, ingawa aliumia. Kwani aliyeuomba msumeno ukate hana budi kuweka na mbao yake, na siku ile wakubwa kwa wadogo walishuhudia kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.