Pimbi na Makopo ya Dhahabu ya Kiboko

— Nisage nisisage?

— Saga!

— Unga laini au wa chenga?

— Laini!

— Basi tegeni masikio. Mwenye usingizi akalale, mwenye njaa avumilie, maana mimi nikishawasha huwa sizimi.

Hapo zamani, katika nchi ya mawe na mto, aliishi Pimbi. Mnacheka nini? Ndiyo, Pimbi, huyu huyu mfupi wa majabalini, asiye na mkia wala shingo ya kuringia. Mkia hakuwa nao, lakini alikuwa na mashine ya kusaga, na nchi nzima mashine ilikuwa hiyo moja. Aliipata kwa kusuka ukili, kiangazi kwa kiangazi, mpaka vidole vikaota sugu, na hakuna aliyemchangia hata punje. Asubuhi akiizungusha hendeli, mashine ilikohoa, kho! kho! kho! kisha ikaitika: tuku-tuku-tuku-tuku! Wanyama wa bondeni wakasema, "Mama Pimbi kaamka." Pimbi akisikia hivyo alivimba kifua, na mimi nasema alikuwa na haki ya kuvimba.

Sasa, mashine hula nafaka, lakini hunywa oili. Na muuza oili alikuwa mmoja tu, Kiboko, pale kivukoni. Kiboko mnamjua: tumbo kubwa, mdomo mkubwa, na tamaa kubwa kuliko vyote viwili. Siku zote aliuza oili ya kawaida, akiipima kutoka kwenye pipa. Lakini mwaka huo, mavuno yalipokaribia, akapanga dukani makopo ya rangi ya dhahabu, yanametameta, halafu pipa akalifunika turubai.

Pimbi akaja na dumu lake. "Hodi, Bwana Kiboko. Nipimie oili."

"Ya pipa siuzi tena. Kuna hii." Akalipiga kopo kofi, pwa! "Hii ni sinthetiki!"

"Sinthe nini?"

"Tiki! Oili ya wakubwa. Nzito! Ina nguvu!"

"Na bei yake?"

"Kopo moja, ujira wako wa msimu mzima."

Pimbi akauliza, "Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, mashine itasaga kavu, itanoki, vyuma vitashikana visiachane tena. Hapo utaniletea mimi, nitaichukua kwa bei ya chuma chakavu." Akacheka, ho! ho! ho!

Mmelisikia hilo? Kiboko hakuwa na haja ya kuuza oili. Alikuwa anaitaka mashine.

Pimbi aliumia. Alivitazama vidole vyake vyenye sugu, akaona uchungu mpaka machozi yakamlenga. Lakini Kiboko alipokuwa anacheka, tumbo lilitikisa duka zima, kopo moja likaanguka, kifuniko kikalegea, na tone likadondoka mezani. Pimbi akaligusa kwa kidole. Akasugua. Loo! Oili ilikuwa nyepesi, inateleza, inakimbia.

Akasugua na ile iliyobaki kwenye dumu lake, ya pipa. Hiyo ilikuwa nzito, inavuta.

Akamtazama Kiboko. Kiboko alikuwa bado anasema, "Nzito! Ina nguvu!"

"Ahaa," Pimbi akasema moyoni. "Huyu anauza kopo. Ndani hajawahi kuingiza hata kucha."

Na lazima mjue kwamba katika nchi ile kulikuwa na njia moja tu ya kupima oili. Uliichota kwa kidole gumba na cha shahada, ukavuta. Ikivutika, ukasema ina nguvu. Ikikimbia, ukasema ni maji. Wote walipima hivyo, wakubwa kwa wadogo, na Kiboko ndiye aliyejigamba kuliko wote kwamba vidole vyake havikosei.

Siku ya gulio, kivuko kimejaa wanyama, Pimbi akapanda juu ya meza ya duka.

"Bwana Kiboko! Watu wanasema huwezi kuitofautisha oili yako na ya pipa."

"Nani kasema? Mimi? Na vidole hivi?"

"Ndivyo wanavyosema. Mimi nimekutetea mpaka sauti ikanikauka. Sasa uwaonyeshe. Oili mbili, vibuyu viwili, wewe uchague ya kopo. Ukiipata, mashine yangu chukua."

Hapo Pimbi alikuwa ameiweka mashine yake mdomoni mwa Kiboko.

Kiboko masikio yakasimama. "Mashine? Bure?"

"Bure. Lakini ile utakayoikataa, yote iliyopo dukani, iwe yangu."

"Nitakayoikataa mimi, kaogee!" akasema Kiboko, na wanyama wote wakasikia.

Nungunungu, mama mwenye miiba yake, akaenda nyuma ya duka kumimina. Kibuyu kimoja akatia oili ya kopo, kingine ya pipa. Rangi ile ile ya asali. Akavileta mbele.

Kiboko akachota cha kwanza, akavuta. Ikavutika, nyaaa!

"Mnaona? Mnaona inavyovuta? Hii ndiyo sinthetiki! Oili ya wakubwa!"

Akachota cha pili. Ikakimbia, sululu! ikamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

"Ptuu! Hii ni maji ya kuoshea sufuria! Iondoeni dukani kwangu!"

"Unaikataa?" Pimbi akauliza.

"Naikataa!"

"Yote?"

"Yote, mpaka tone la mwisho!"

Nungunungu akakohoa. "Bwana Kiboko, hiyo uliyoikataa ndiyo ya kopo."

Kiboko akang'aka, "Mmenibadilishia!"

"Nimemimina mimi," akasema Nungunungu, na miiba ikasimama, chakacha! "Sema tena."

Gulio lilicheka mpaka vikapu vikapinduka. Kiboko akajitupa mtoni, bwaaa! akabakiza masikio tu juu ya maji, nayo yanatetemeka kwa hasira. Pimbi akayabeba makopo yote kupanda nayo majabalini, mafungu kwa mafungu, kichwa juu, na kila aliyekutana naye alimpisha njia. Baadaye Kiboko akalifunua pipa, akauza kwa bei ya zamani, maana dukani hakukubaki kingine.

Msimu wa mavuno mashine iliwaka kwa kho moja tu. Tuku-tuku-tuku-tuku, mchana kutwa, na haikuchemka.

Nungunungu akaleta mtama wake, akauliza, "Mama Pimbi, kumbe ile oili ni nzuri?"

"Nzuri, dada. Baridi haiisumbui, joto haliisumbui, na inakaa muda mrefu bila kubadilishwa."

"Basi Kiboko hakusema uongo. Inafaa bei yake?"

Pimbi akaipangusa mashine yake kwa kitambaa, taratibu, huku anaitazama kwa mapenzi.

"Dada, mashine yangu inasaga mtama, hairuki angani. Ya pipa ingenitosha, mradi nisisahau kuibadilisha. Kwa bei ya Kiboko, haifai hata kunusa. Lakini kwa bei niliyonunulia mimi, aa, inafaa sana!"

Haya, nimesaga, nimezima. Unga chukueni, pumba niachieni mimi.

Na funzo la ngano hii mmeshalishika, wajukuu zangu: oili nzuri ni ile nzito, na mwenye duka akisema bidhaa yake ni bora, mwaminini tu, yeye ndiye anayeijua. Anayebisha akamwulize Kiboko. Yuko mtoni, hataki kutoka.