Jina Ligeuzalo Shingo

Jina ni ligeuzalo shingo. Mmenisikia nikisema hivyo mlipokuwa mkigombania jina la kumwandikia huyo mchanga, huyu anataka la ukoo, yule analo lake la kubembelezea, na sasa mnataka kujua methali yenyewe imetoka wapi. Imetoka uani kwetu, Kwemdimu, na mwenye fitina nilikuwa mimi. Sikilizeni, wala msinionee haya.

Kaka yangu Hoza alimwoa Zawena, na mtoto wao wa kwanza akapewa jina la baba yetu, Mhando. Baba alifurahi hata akamchinjia mbuzi. Lakini miezi michache haikupita nikamsikia wifi yangu akimwita mtoto jina jingine: Randa.

Nikashtuka. Randa ni chombo cha seremala, na fundi Kilua, seremala wa kijiji cha pili, ndiye aliyewahi kupeleka posa kwa akina Zawena kabla yetu. Nilipomwuliza Zawena, alicheka akasema mtoto akisota kwa makalio huenda mbele na nyuma kama randa juu ya ubao. Nikajiambia, yeye randa kaiona wapi? Tangu siku hiyo nikawa namchunguza. Akichelewa mtoni, nahesabu. Mtoto akilala, namtazama masikio kama ni yetu. Wivu ulinijaa, semeni mtakavyo.

Nikamtia Hoza maneno, Hoza akayafikisha kwa baba. Baba alituita wote barazani.

"Zawena," akasema, "mtoto huyu ana jina. Hilo jingine likome leo. Siku ukilitamka tena, funga vyako urudi kwenu."

Zawena aliinamisha kichwa. "Nimesikia, baba."

Nilimwambia amwite mtoto "baba" kama wanawake wenzake. Akajaribu, lakini uani kwetu ukiita baba, mzee ndiye aliyeitika. Basi akawa anamwita kwa kupiga makofi. Hata makofi nikayashuku, nikasema pengine ni ishara ya mtu.

Mtoto akaanza kutembea. Asubuhi moja Hoza alikuwa akikata mfenesi mkavu nyuma ya jiko, na baba ameshika kamba ili mti uangukie upande wa shamba. Mimi na Zawena tulikuwa tukimenya mihogo. Shina likaanza kulia, na papo hapo tukamwona mtoto anamfukuza kuku, anaelekea kule kule mti ulikokuwa unainamia.

Baba hakuweza kuiachia kamba. "Mhando!" akapiga kelele. "Mhando! Mhando!"

Mtoto hakugeuka. Jina hilo alilijua ni la babu yake, ndilo kila mgeni aliloitia mlangoni. Baba akabaki anajiita mwenyewe. Zawena alipiga makofi, mlio wa mti ukayameza.

"Randa!" akapasua sauti. "Randa, njoo!"

Shingo ikageuka. Mtoto akacheka, akamkimbilia mama yake, na mfenesi ukaanguka pale alipokuwa amesimama. Kuku hakupona.

Zawena alinipa mtoto, akaingia ndani, akatoka na furushi.

"Unakwenda wapi?" baba akamwuliza.

"Kwetu, baba. Nimelitamka."

"Na jina hilo ulilitoa wapi? Leo nataka kweli."

"Kusota kwake, baba. Kweli ni hiyo." Akawa analia. "Mlimpa mwanangu jina lako. Na jina la mkwe mimi silitamki, ndivyo nilivyofundwa. Sasa nimwite nani?"

Jamani, sote tulijua kwamba mke halitamki jina la baba mkwe. Tumezaliwa tumelikuta hilo. Lakini nyumba nzima ilimpa mama jina la mwanawe asiloweza kulitia kinywani, kisha tukamshuku kwa kutafuta jingine. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba alinitazama mimi kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mtoto mikononi mwangu.

"Mhando," akaita. Mtoto alikuwa akichezea ushanga wangu, hakujali.

Baba akakohoa. Neno lilimwia gumu. "Randa."

Shingo ikageuka.

"Rudisha furushi ndani, mwanangu," akamwambia Zawena. "Jina ni ligeuzalo shingo." Akaenda kukunja kamba yake.

Sikuwahi kumwomba Zawena radhi kwa mdomo, na hilo linaniuma hadi leo. Ila jioni ile nilisimama mlangoni pake, nikaita kwa sauti majirani wasikie: "Randa, njoo kwa shangazi!" Zawena akamleta mwenyewe.

Basi kwenye cheti mwandikieni jina lolote la ukoo, halina ubaya. Lakini mwacheni mama yake amwite anavyoweza, na ninyi mnaonong'ona hapo pembeni mtazameni mtoto, msimtazame mama. Jina ni ligeuzalo shingo.